Blanketi la Urefu Wake

Baba mdogo alikuja Jumapili baada ya misa, akakaa kwenye kiti kilicho karibu na mlango, kama mtu anayetaka kusema lake akimbie. Ni mdogo wake marehemu baba, na tangu baba alipotutoka yeye ndiye mwenye kauli ya mwisho kwenye ukoo. Alimaliza chai yote kwanza, akaomba na ya pili. Ndipo akatuambia, mama na mimi, kwamba wazee wamekaa kikao kule kijijini kwetu Mwazye na wameona imetosha. Jumapili inayofuata watakuja hapa kwangu Sumbawanga, tusali, tumalize msiba wa mdogo wangu, na nguo zake zigawiwe.

"Msiba wa nani?" mama akauliza.

"Shemeji, huu ni mwaka wa nne."

"Nimekuuliza msiba wa nani. Umeona maiti, wewe?"

Baba mdogo akatazama ndani ya kikombe. Mimi nikainuka kwenda kuchungulia maharage jikoni, ambayo hayakuwa na shida yoyote. Nilikuwa upande wa baba mdogo. Nalisema hili mwanzoni kabisa nisije nikajipamba huko mbele.

Mdogo wangu, kitinda mimba wa mama, aliondoka bandari ya Kasanga, ziwani, na boti ya mizigo kwenda ng'ambo ya Kongo. Boti haikufika, wala haikurudi. Kuna aliyesema ilizama. Kuna aliyeapa kwamba amemwona mdogo wangu sokoni huko ng'ambo, amenenepa, ana mke. Mama aling'ang'ania maneno ya huyo wa pili. Ziwa halikutoa mtu wala ubao, na mama akasema si mnaona, lingekuwa naye lingemtoa. Basi akazitia nguo zake kwenye kiroba, akakisukuma chini ya kitanda chake, na kila inapokaribia Krismasi, na tena kabla ya Pasaka, anazitoa, anazifua, anazianika, anazikunja. Anasema mtu hawezi kutoka safari ndefu halafu avae nguo zenye ukungu.

Kwetu kila mtu anajua maana ya kugawa nguo. Huyu anachukua koti, yule suruali, mwingine mkanda. Baada ya wiki unapishana barabarani na shati la ndugu yako likiwa mgongoni mwa binamu, na hapo hata uwe na moyo mgumu namna gani unakubali kwamba mwenyewe hayupo. Kabla ya nguo kugawiwa unaweza kubisha, ukabisha miaka. Zikishagawiwa huna pa kushika. Mama alilijua hilo kuliko sisi wote.

Jumatatu asubuhi nilikuwa natia mafuta cherehani yangu, ile ya miguu iliyo dirishani, ninayoshonea sare za watoto wa shule na magauni ya kipaimara. Mama akaingia anakiburuta kile kiroba. Akakimwaga miguuni pangu.

"Shona," akasema.

"Nishone nini, mama?"

"Blanketi la viraka. Nguo zote, mpaka soksi. Ziwe kitu kimoja. Jumapili waje wagawane hicho kitu kimoja, tuone wataanzia wapi."

Nilicheka. Nilidhani ni mzaha, na mama ni mtu wa mizaha akiwa mzima. Hakucheka. Akavuta kigoda, akajisogezea jiko la mkaa, maana mwezi wa saba huku kwetu upepo unaingia hadi kwenye mifupa, akatoa wembe kwenye pindo la khanga yake na kuanza kufumua mshono wa suruali.

"Mama, hizi nguo ni nzima kabisa."

"Ndiyo maana watazitaka."

"Na wakikasirika?"

"Wakasirike. Hasira haijawahi kumzika mtu."

Nikamwambia sawa. Kwa ulimi nilimwambia sawa, ila moyoni nilikuwa nimechoka naye, nimechoka na kiroba, nimechoka kuona zile soksi zinaning'inia kwenye kamba yangu ya nguo kila Pasaka. Nikaona basi nishone, angalau baada ya Jumapili sitaziona tena zikianikwa. Hayo ndiyo mawazo niliyoanza nayo kazi, na hayapendezi, lakini ndiyo yaliyokuwepo.

"Lipime urefu wake," mama akaongeza. "Akirudi limfike hadi miguuni."

Hilo nililielewa. Mdogo wangu alikuwa mrefu, na hakuna blanketi la dukani lililowahi kumtosha. Alilala kwangu miaka miwili kwenye chumba hikihiki cha cherehani, na kila asubuhi ya baridi nilikuta nyayo zake ziko nje, kubwa, zimepauka, na yeye analalamika kwamba nyumba yangu haina adabu kwa wageni.

Sikuwa na mtu wa kumpima, lakini nilikuwa na daftari langu la vipimo. Mafundi wote tunalo. Jina la mteja, kifua, bega, mkono, kiuno, urefu wa suruali. Kurasa za mdogo wangu zilikuwa nyingi, kwa sababu alikuwa mteja asiyelipa. Nikachukua urefu wa suruali, nikajumlisha na wa shati kutoka begani hadi kiunoni, nikapunguza pale vinapopandana, shingo na kichwa nikakadiria kwa kiganja changu. Nikachora mstari sakafuni kwa chaki, mwanzo na mwisho. Mama akanyanyuka, akautembea ule mstari mguu kwa mguu kutoka huku hadi kule.

"Ndiyo," akasema. "Ndiye."

Jumanne nikashika mkasi. Nimekata vitambaa tangu nikiwa msichana, na sijawahi kuogopa kitambaa, hata cha bei mbaya. Siku ile niliweka jezi yake nyekundu mezani, nikaitazama, nikaenda kunywa maji. Nikarudi nikaitazama. Nikaenda tena kunywa maji. Mama bila kuinua kichwa akaniuliza kama leo nimekula chumvi.

Nikapiga moyo konde nikakata. Jezi ikatoa ule mlio mdogo wa kitambaa laini, ikawa vipande viwili, na hapo nikakaa chini. Miaka yote hiyo nilikuwa namwita marehemu kichwani mwangu, naombea roho yake misani kimyakimya mama asinisikie, nikijiona mimi ndiye mwenye akili katika nyumba hii. Kumbe nilikuwa nasema tu. Kumbe na mimi nilikuwa nimemhifadhi kwenye kile kiroba, na sasa nilikuwa namkata kwa mkono wangu.

"Endelea," mama akasema.

Nikaendelea. Kulikuwa na kaptula yake ya shule ya msingi, imetoboka makalioni. Kulikuwa na shati la maua alilolipenda kupita kiasi, sweta, koti la kijani la mtumba, suruali mbili za jinzi na mashati mengine manne. Mama alifumua, mimi nikakata na kupanga. Kila mfuko aliupekua, nguo alizozifua mwenyewe mara ngapi sijui. Kwenye mfuko wa koti akakuta kikaratasi kilichofuliwa hadi kikawa kidonge cheupe, kigumu kama punje ya hindi. Hakikuwa na herufi hata moja. Akakifunga kwenye ncha ya khanga.

Kupanga kwenyewe nilikupanga kifundi. Jinzi ni nzito, nikaziweka upande wa miguuni ili blanketi litulie lisipeperuke mtu akijigeuza. Vitambaa laini vya mashati nikaviweka juu, vinakogusa shingo na uso. Mikono ya mashati ni vipande virefu vyembamba, nikaiunga ubavuni, huku na huku, ishike pindo. Koti la kijani likakaa katikati maana lilikuwa na joto. Hata kaptula nikaipatia mahali pake. Fundi yeyote angepanga hivyo hivyo. Sikuwaza kitu kingine, naapa.

Jumatano mashine ilikula uzi mara tatu, na mimi nikamfokea mama bure, kisa ameacha mlango wazi. Akaufunga. Tukafanya kazi mpaka jua likazama.

Alhamisi tulifika kwenye shati jeupe. Nilimshonea mimi, la Komunyo ya Kwanza, na siku ile nilisahau pini kwenye kola. Alisimama misa nzima shingo imenyooka kama askari, padre akamsifu mbele ya watu kwa ibada yake, na tulipotoka nje tukaona damu. Alikuwa hajalia, aliogopa kuharibu misa. Tangu hapo, hadi ana ndevu, kila nguo niliyomkabidhi aliiinua juu, akaitikisa, akaniuliza, "Dada, umetoa pini?" Mbele za wateja wangu, mtu mzima yule! Nilikuwa namtwanga na futi ya kupimia.

Mama alikuwa anafumua ile kola. Doa lilikuwepo bado, la kahawia, dogo. Mimi sijui nini kilinishika. Nikasema, "Mama, mimi ndiye niliyemfukuza."

Wembe ukasimama.

Nikamweleza yote. Kwamba alikuwa analala hadi saa tatu asubuhi na mimi nina wateja, nataka chumba. Kwamba siku moja nilimwambia, mtu mzima unanyooshea miguu dirishani kwangu, wenzako wako Kasanga wanabeba mizigo na kusaidia nyumbani kwao. Kwamba alinitazama, akavaa viatu. Kesho yake akapanda gari la Matai, na kutoka Matai akateremka ziwani. Mama wakati huo alikuwa bado Mwazye, nikadhani hajui.

"Najua," mama akasema. "Alinipigia simu toka Kasanga. Akasema, dada kanifukuza, na anayo haki, nitamletea kitenge cha Kongo kimfunge mdomo."

"Miaka yote hii umejua?"

"Nimejua."

"Mbona hukunisema?"

Akarudisha wembe kwenye mshono. "Nikikusema, itakuwa amekufa. Akirudi, nitawasema wote wawili."

Nililia hadi nikashindwa kuona tundu la sindano. Hakunibembeleza. Aliniletea kikombe cha uji wa ulezi, akakiweka juu ya mashine, mahali ambapo hata yeye siku zote ananikataza kuweka vikombe, akarudi kwenye kigoda chake.

Ijumaa niliunga safu zote, nikatia katikati blanketi kuukuu na kwa chini bitana ya shuka la mama. Nikazibana tabaka zote kwa pini, ndipo nikapiga cherehani. Jumamosi nilimaliza pindo. Nina pini ishirini kwenye kikopo cha mafuta ya kujipaka, na tangu siku ile ya Komunyo huwa nazihesabu kila ninapomaliza kazi. Zilirudi kumi na tisa. Nikafagia sakafu, nikapapasa chini ya pedali, nikahesabu tena, kumi na tisa. Nikajiambia imedondokea kwenye ufa, nikaacha. Nilikuwa hoi, mgongo unawaka.

Nikamfunika mama mabegani kwa lile blanketi, alikuwa anatetemeka kwa baridi. Akalitoa.

"Si langu," akasema, akalikunja mara nne na kulipakata kifuani.

Jumapili wakaja. Baba mdogo, wazee wawili wa ukoo, na wanawake watano au sita wa kule kijijini, wote na shikamoo zao za sauti za chini. Shangazi, dada yake baba, alikuwa bado njiani anatokea Matai. Wanawake wakaketi chini kando ya ukuta, wanaume kwenye viti. Mama alikuwa amevaa kitenge chake cha sikukuu. Niseme ukweli, nilikuwa sijamwona na nguvu kama zile tangu baba yupo. Wiki nzima alikuwa akinong'ona peke yake kwenye kigoda, na mimi nilijua anafanya mazoezi ya maneno atakayowaambia.

Baba mdogo akasali kifupi. Kisha akakohoa. "Shemeji, zile nguo."

"Zipo," mama akasema. "Mbona zipo!"

Akalileta blanketi, akasimama katikati ya chumba, akalikung'uta mara moja na kulitandaza juu ya mkeka. "Haya. Gawaneni. Nani anataka koti? Shika hapo kwenye kijani, uvute. Na wewe shemeji, shati la maua lilikupendeza siku zote, si hilo hapo? Vuteni basi!"

Hakuna aliyevuta. Nilidhani wamekasirika, nikasubiri baba mdogo alipuke, na mama naye alikuwa anasubiri, kidevu juu. Baba mdogo aliinama mbele, viwiko magotini, akilitazama lile blanketi, na midomo yake ikaanza kucheza.

Hapo na mimi nikatazama. Wiki nzima nililiona vipande vipande mapajani pangu. Nilikuwa sijaliona limelala. Lilikuwa refu, urefu wake kamili, jinzi huku chini, koti kifuani, mashati shingoni, mikono imenyooka ubavuni. Na sisi tumelizunguka, wanawake chini, wanaume wameinamisha vichwa.

Mlango ukafunguliwa, shangazi akaingia. Ana mtoto wa jicho macho yote mawili, huona vivuli tu na rangi. Akasimama kizingitini, mkono ukutani, akageuza uso huku na huku kuangalia tulivyokaa, halafu akaangalia katikati. Fimbo ikamtoka mkononi.

"Yesu wangu," akasema. "Wamemleta? Wamemleta lini?"

Nilimtazama mama. Alikuwa na maneno ya kutosha ya kumjibu wifi yake, yote yale ya wiki nzima, na nilitaka ayaseme. Mimi niliyekuwa upande wa baba mdogo, nilitaka kwa roho yangu yote mama afoke, aseme hili ni blanketi tu, wewe bibi huoni, mwanangu yuko ng'ambo amenenepa.

Mama alilitazama blanketi toka juu hadi chini. Akapiga magoti kwenye mkeka, akanyoosha pindo la miguuni lililokuwa limekunjamana.

"Leo, wifi," akasema. "Amekuja leo."

Akajifunika kitenge kichwani, na kilio alichokuwa amekizuia tangu ile boti kikamtoka. Wanawake wakamdaka, shangazi akatambaa hadi kwenye mkeka, baba mdogo akalia kama mtoto, na kuna mmoja akauliza katikati ya vilio kama kaburi litachimbwa Mwazye pembeni ya baba, na mwingine akajibu ndiyo, kesho.

Mimi sikulia. Nilikuwa nimekumbuka ile pini. Nikapenya kati ya wale wanawake kwa magoti, nikaanzia kwenye kola, nikapapasa pindo lote kwa vidole, taratibu, kipande kwa kipande, kwa sababu kesho wangemlaza nalo kaburini na mimi nilikuwa sijaitoa.